Dawa ya Kifua na Ushahidi wa Aliyepona

Hakuna ugonjwa unaomjengea mtoa dawa sifa kwa urahisi kama ugonjwa wa kifua. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki moja au siku kumi. Kikohozi kinachoyafuata huweza kuburuta wiki tatu, kisha nacho kikaondoka bila kuaga. Pumu humbana mtu usiku hadi akae kitandani ameshika magoti, na asubuhi ikamwachia. Hata kifua kikuu, ambacho kila mtu anajua kuwa kinaua, huwa na vipindi vya nafuu ambapo mgonjwa hupata hamu ya kula na kurudi shambani kabla hakijamwangusha tena. Katika magonjwa ya namna hii, chochote atakachopewa mgonjwa siku ya nne, iwe tangawizi, mafuta ya mkaratusi, vidonge alivyonunua dukani bila cheti au maji ya kisima, kitaonekana kimemponya siku ya saba.

Kwa hiyo mjadala wa dawa za kifua zisizothibitishwa haumalizwi kwa kuuliza kama waliozitumia walipona. Wengi walipona. Swali lenye uzito ni lingine, nalo halipendezi masikioni: wangepona vilevile wasingezitumia? Nalishikilia swali hilo tangu mwanzo kwa sababu ndilo linalopotea kila mara mazungumzo yanapogeuka ugomvi wa dawa zetu na dawa za Wazungu. Mapafu hayajui uraia wa dawa.

Tuanze na tukio ambalo Afrika Mashariki yote inalikumbuka. Aprili 2020, wiki chache baada ya korona kuingia nchini, Rais John Magufuli aliwahimiza Watanzania kujifukiza. Nyungu yenyewe haikuwa jambo geni. Sufuria au chungu, majani ya mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na kivumbasi, maganda ya limau. Maji yachemke mpaka harufu ijae nyumba, kisha mgonjwa akae kwenye kigoda, ainamie chungu na kufunikwa blanketi. Ndani ya blanketi kuna giza, jasho linatiririka, pua inazibuka, kifua kinalegea. Anayetoka humo akisema amepata nafuu hasemi uongo. Mvuke hulainisha kamasi, na harufu ya mkaratusi humfanya mtu ahisi hewa inapita puani vizuri zaidi. Nafuu hiyo ipo. Kinachobishaniwa ni hatua inayofuata, ya kuruka kutoka pua iliyozibuka hadi virusi vilivyokufa mapafuni.

Hatua hiyo haina ngazi. Maabara zilionyesha kwamba virusi vya korona hufa ndani ya dakika 5 vikiwekwa kwenye joto la nyuzi 70. Lakini maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi ya binadamu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mvuke unaovumilika usoni tayari umepoa, na ukipita puani na kooni unapoa zaidi, ilhali virusi vimekwisha kujificha ndani ya chembe hai za mwili, chini kabisa kwenye vifuko vya hewa. Kwa mafua ya kawaida, mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio ya kuvuta hewa ya moto yenye unyevu na hayakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba inasaidia. Madhara, kwa upande mwingine, yanajulikana. Mwaka huohuo wa 2020, madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliripoti kuongezeka kwa watoto walioungua kwa maji ya moto ya kujifukizia. Kwa hiyo nyungu si ya Waafrika peke yao, wala vidonda vyake.

Nchini Madagascar mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Tarehe 20 Aprili 2020, Rais Andry Rajoelina alizindua kinywaji cha Covid-Organics, kilichotengenezwa na taasisi ya utafiti ya nchi hiyo, IMRA, kikiwa na pakanga ya Kichina ambayo kitaalamu huitwa artemisia. Alikinywa mbele ya kamera. Wanafunzi wakapewa shuleni. Mwezi uliofuata ndege ya Tanzania ilikwenda kuchukua shehena, na waziri wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, akaipokea dawa hiyo kule kule. Julai, hospitali za Antananarivo zilielemewa na wagonjwa. Mei 2021, serikali iliyokuwa imeiweka mbele dawa yake ya asili ilipokea shehena ya kwanza ya chanjo.

Je, hiyo inathibitisha kwamba kinywaji hakikufanya kazi? Hapana, na hapa lazima tuwe waadilifu kwa pande zote. Mlipuko unaweza kutokea hata mahali penye dawa nzuri iliyowafikia wachache. Kinachothibitika ni kwamba hakuna aliyeweza kujua, kwa sababu dawa iligawiwa kwa wingi kabla ya kulinganisha walioinywa na wasioinywa. Tanzania pengo lilikuwa kubwa zaidi. Tangu mwanzoni mwa Mei 2020 hadi katikati ya 2021, takwimu za taifa za maambukizi hazikutangazwa. Kipimo kiliondolewa mezani wakati uleule dawa zilipokuwa zinaletwa. Aliyesema nyungu imetuokoa na aliyesema nyungu imetuua walikuwa wanabishana gizani, kila mmoja akiwa na jirani yake wa kumtolea mfano. Naliona hilo kuwa kosa zito kuliko nyungu yenyewe, maana nyungu ingeweza kupimwa, na nafasi ya kuipima haitarudi kwa ukubwa ule.

Wapo wanaodhani kudai kipimo ni kuikandamiza tiba ya Mwafrika. Wawatazame hao hao Wazungu. Mwaka 2020 dawa iliyopigiwa debe kuliko zote Marekani na Ufaransa ilikuwa haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyomeza utotoni tukawashwa mwili mzima. Ilikuwa na kiwanda, sanduku na maprofesa. Uingereza ikaanzisha jaribio kubwa la RECOVERY, ambalo wagonjwa waliolazwa waligawanywa kwa kura: hawa wapewe dawa hii pamoja na huduma ya kawaida, wale huduma ya kawaida peke yake. Juni mwaka huohuo majibu yalitoka. Haidroksiklorokwini haikupunguza vifo. Deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia na kwa sehemu moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni, huku wasiohitaji oksijeni wasipate faida yoyote. Kura haikujali dawa imetoka kwa nani.

Na utaratibu huo wa kura ulizaliwa kwenye kifua. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata streptomaisini kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Ni vigumu kupata dawa ya asili zaidi ya hiyo. Baada ya vita Uingereza haikuwa na fedha za kigeni za kuinunulia wagonjwa wote wa kifua kikuu, hivyo baraza lake la utafiti wa tiba, likiongozwa katika hesabu na Austin Bradford Hill, liliamua kugawa kidogo kilichokuwapo kwa kura. Wagonjwa 55 walipewa dawa na kupumzishwa kitandani. 52 walipumzishwa tu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi 6, waliokufa walikuwa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili.

Mimi hunivutia zaidi takwimu nyingine ya jaribio hilo. Katika wale 52 wasiopewa dawa yoyote, wanne walipata nafuu kubwa iliyoonekana hadi kwenye picha za kifua. Fikiria mganga, au daktari, au nabii, ambaye angekuwa amewapa wanne hao kikombe cha kitu chochote. Angekuwa na mashuhuda wanne wa kweli, wenye picha za eksirei mkononi, na angeamini kwa moyo wote kwamba dawa yake inaponya kifua kikuu. Tena streptomaisini yenyewe haikutoka na ushindi mtupu, kwa sababu vijidudu vya wagonjwa wengi viliizoea. Ikabidi iunganishwe na dawa nyingine. Bila kulinganisha, lile zuri lisingeonekana na lile baya lisingeonekana.

Kilichofuata ni sehemu yetu ya historia, na inasikitisha kuwa haisimuliwi shuleni. Tiba ya kifua kikuu ilikuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu, na wagonjwa wengi waliikatiza njiani. Kuanzia 1970 mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalijaribu tiba ya miezi 6 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yakilinganisha michanganyiko mbalimbali ya dawa kwa kura. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1972. Michanganyiko iliyokuwa na rifampisini iliacha wagonjwa wachache sana waliorudiwa na ugonjwa. Miezi 6 ambayo mgonjwa wa kifua kikuu anaambiwa leo, awe Mumbai, Lima au Tandika, imesimama kwa kiasi kikubwa juu ya makohozi na uvumilivu wa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Anayesema majaribio ya kulinganisha ni mila ya kigeni hajui kwamba sisi tuliusaidia ulimwengu kuyafanya.

Miti shamba nayo imepita kwenye mlango huohuo, mingine ikatoka na heshima. Mnanaha, mmea wenye maua kama tarumbeta unaoota majalalani, majani yake yalivutwa kama sigara kutibu pumu huko India na baadaye Ulaya. Waliouvuta hawakuwa wajinga: ndani yake mna atropini, inayolegeza misuli ya njia za hewa. Kutokana na atropini wanakemia walitengeneza ipratropiamu, ambayo leo hutumika hospitalini mgonjwa wa pumu anapobanwa vibaya. Lakini majani yenyewe ni hatari. Kiasi cha sumu hubadilika kutoka mti hadi mti na msimu hadi msimu, na anayezidisha huweweseka, moyo ukaenda mbio, na anaweza kufa. Kati ya jani na pampu ya kuvuta kuna kazi ya miaka mingi ya kupima kipimo, na kazi hiyo ndiyo dawa.

Asali pia imepimwa. Kwa kikohozi cha watoto cha muda mfupi, mapitio ya Cochrane ya 2018 yaliona kwamba huenda inapunguza kikohozi kuliko kutotoa kitu. Bibi aliyemlambisha mjukuu asali kabla ya kulala alikuwa sahihi, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ambaye asali inaweza kumletea sumu ya botulizimu. Pakanga ya Kichina ilimpa mtafiti wa China, Tu Youyou, tuzo ya Nobel mwaka 2015, kwa malaria. Kwenye maandishi ya kale ya nchi yake alisoma kwamba majani yanalowekwa na kukamuliwa, akatambua kuwa moto unaharibu kilichomo, akakitoa kwa njia isiyohitaji kuchemsha. Kutoka hapo hadi kudai kwamba chai ya jani hilohilo inatibu kirusi cha mapafu ni safari nyingine kabisa, inayodai ushahidi wake yenyewe. Mmea kuwa na sifa katika ugonjwa mmoja si hati ya kusafiria kwenda kwenye magonjwa mengine.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, hazijathibitishwa, lakini zina ubaya gani? Mwache mtu anywe tangawizi yake. Nakubaliana naye kuhusu tangawizi. Nisichokubaliana nacho ni kimeo.

Mtoto anakohoa wiki mbili, wiki tatu. Usiku anakohoa hadi anatapika. Bibi au jirani anamfungua kinywa kwenye mwanga wa mlango, anatazama kile kinyama kinachoning'inia mwanzo wa koo, anasema kimeo kimerefuka, kinamkwaruza. Mtoto anapelekwa kwa mkata kimeo. Anapakatwa, kichwa kinashikwa, ulimi unakandamizwa, na kinyama kinakatwa kwa kisu chenye ncha iliyopinda. Kwenye kidonda hupakwa dawa ya unga. Mama anaonyeshwa kilichokatwa, na ukweli ni kwamba anaona kitu: ugonjwa umetolewa, uko pale kwenye kiganja. Hakuna daktari anayeweza kumwonyesha mama jambo la wazi kama hilo.

Madaktari wa koo na masikio wa Tanzania wamekuwa wakipiga kelele juu ya jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu wao ndio wanaowapokea watoto hao baadaye wakiwa wanavuja damu, wana usaha kooni, au damu imewapungua. Kisu kinachotoka kinywa hadi kinywa kinaweza kubeba maradhi. Lakini hasara kubwa kuliko zote haionekani kwenye kidonda. Kikohozi kirefu cha mtoto kina chanzo: kifaduro, pumu, nimonia isiyotibiwa, karanga iliyokwama kwenye njia ya hewa, au kifua kikuu alichoambukizwa na mtu mzima wa nyumba ileile. Kifaduro kitaisha baada ya wiki nyingi na kimeo kitapewa sifa. Kifua kikuu hakitaisha. Kila wiki inayopita katika kusubiri kidonda kipone, ugonjwa unakula pafu, na mtu mzima aliyemwambukiza mtoto anaendelea kukohoa sebuleni.

Kwa nimonia hatuhesabu wiki, tunahesabu saa. UNICEF inasema nimonia inaua watoto wengi wa chini ya miaka 5 kuliko ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza, zaidi ya 700,000 kwa mwaka duniani. Na dalili yake kuu inaweza kuhesabiwa na mama yeyote mwenye saa au simu. Mvue mtoto fulana akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka mno. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Ngozi ya chini ya mbavu ikizama ndani kila anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, au midomo ikibadilika rangi, hakuna jani la kuchemshwa wala kifua cha kuchuliwa mafuta. Ni kituo cha afya, saa hiyohiyo. Nimonia nyingi za watoto hutibika kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye maji.

Pumu ina masikitiko yake ya pekee, kwa kuwa hapa imani potofu inashambulia dawa iliyothibitishwa. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakimwambia kijana: usizoee pampu, ukiizoea hutaiacha. Basi anaificha kwenye begi, anakunywa mchanganyiko wa vitunguu saumu, na kila baada ya miezi michache anakimbizwa hospitali amebanwa. Pampu ya kila siku yenye dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa haileti ulevi. Mtu anaihitaji kila siku kwa sababu ugonjwa wenyewe upo kila siku.

Lakini tusimlaumu huyo kijana kabla hatujauliza pampu inauzwa wapi na kwa bei gani. Zahanati nyingi za Afrika Mashariki hazina pampu ya kuzuia pumu, na anayeikuta dukani hulipa kutoka mfukoni. Mganga yuko jirani. Anafungua mlango saa za usiku. Anauliza habari za nyumbani, anasikiliza mpaka mwisho, anakubali kulipwa kidogo kidogo. Hospitali humpa mtu foleni tangu alfajiri, maneno machache, na karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Anayetaka watu waache dawa zisizothibitishwa na huku hataki kuweka zilizothibitishwa kwenye kabati la zahanati anawataka wabaki mikono mitupu.

Kuna pia jambo la vibali, ambalo linawachanganya watu wazima wenye akili timamu. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya magari Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, pumu ikiwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa. Wataalamu wa serikali walipoulizwa walisema dawa ile haina madhara kwa mnywaji. Umma ukasikia: serikali imeithibitisha. Uganda, Juni 2021, mamlaka ya dawa iliiruhusu Covidex ya Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara itumike kama tiba saidizi kwa maambukizi ya virusi, na ikasema wazi kwamba haijaidhinishwa kuwa tiba ya korona. Mitaani bei ilipaa na chupa zikauzwa kama tiba. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, na dawa hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ionekane kama ina sumu. Ni kazi ya lazima. Ila cheti cha kutokuwa na sumu ni jibu la swali moja, na mgonjwa anayehema alikuwa ameuliza lingine. Ningependa kila chupa ya dawa ya kifua iandikwe mbele, kwa herufi zinazosomeka: imepimwa usalama, haijapimwa kama inaponya. Na ikipimwa, iandikwe hivyo, kwa fahari.

Kupima kunawezekana. Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani, Afrika CDC na Kamisheni ya Umoja wa Afrika kupitia jopo lao la wataalamu waliidhinisha mwongozo wa majaribio ya awamu ya 3 ya miti shamba kwa korona. Tanzania ina taasisi ya tiba asilia pale Muhimbili tangu miaka ya 1970, na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, ina kituo chake Mabibo. Nyungu ingeweza kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa haina mwenye hakimiliki wa kugombana naye. Wachukuliwe watu wazima wenye mafua na kikohozi cha siku chache, baada ya kupimwa makohozi ili wenye kifua kikuu waanzishiwe dawa, na wenye pumu waachwe nje kwa kuwa mvuke na harufu kali vinaweza kuwabana. Kundi moja lijifukize kwa majani, la pili kwa maji matupu ya moto, la tatu lipewe ushauri wa kawaida tu. Zihesabiwe siku za kikohozi, saa za usingizi, walioungua, na waliorudi wakiwa wamezidiwa. Waganga wakae kwenye kamati tangu siku ya kwanza, mikataba ikiwa imeandikwa, maana hofu yao ya kuibiwa maarifa ina sababu. Na siku majibu yatakapotoka, yasomwe redioni kwa Kiswahili, saa ileile na kwa sauti ileile iliyotumika kuitangaza nyungu, hata kama yatasema kwamba majani hayakuongeza kitu juu ya maji.